Kanda ya Kihispania ya Mama Nafuna

Benchi la Nasser liko mbele ya kiduka chake cha kahawa, Nakawa, ukishalipita soko. Ukilikalia na jambo lako, ujue umelinadi. Ijumaa ile ya mwaka 1997 Makokha alikuja na la kwake asubuhi, limo katika mfuko wa shati: kanda ya marehemu mkewe, Nerima. Aliyeimba ni mwanamke mmoja wa Kizungu, wa zile pop za redioni, na humo alikuwa amezikusanya nyimbo zake zote zilizovuma, akaziimba upya kwa Kihispania. Kesho yake binti yao, Nafuna, alikuwa anaolewa. Mpiga muziki alitaka kujua kabla ya saa sita, baba atamwingiza bibi harusi ukumbini kwa wimbo gani? Makokha alishachagua wa tatu, upande wa pili. Ila hakujua unasema nini, na alikuwa na hofu ya kweli asije akamwingiza mwanawe harusini kwa wimbo wa matanga.

— Kwa nini huo wa tatu? aliuliza Nasser, ambaye kijiwe kizima humwita Mufti kwa kuwa hutoa fatwa hata juu ya mpira.

— Hapo ndipo utepe umechakaa. Alikuwa akiurudisha kwa kalamu ya biki ili betri zisiishe. Ina maana aliupenda kuliko zote.

Nasser aliitia kanda redioni. Sauti ikapanda, ikayumba pale palipochakaa, ikashuka.

— Huo wa mahaba, alitoa hukumu. Sikilizeni anavyovuta pumzi.

— Mahaba gani, Mufti? alidakia Oyugi, fundi wa saa, aitwaye Profesa ingawa shule aliiachia darasa la sita. Jiulize, bana. Mtu ana Kiingereza chake kizuri, kwa nini arudie zote Kihispania? Bwana yake Mwingereza alimtoroka! Akaapa, lugha yako siitii tena mdomoni. Haba na haba hujaza kibaba.

— Sasa kibaba kimeingiaje hapo?

— Kimeingia tu. Wewe mimina kahawa.

Afande Atim aliweka chini beseni lake la mukene. Alikuwa jeshini zamani, kabla ya kuuza hivyo visamaki, na Kiswahili chake kilibaki kimevaa buti.

— Nyinyi hapana jua kitu. Hiyo ni wimbo ya jeshi. Sikia ngoma: kushoto, kulia, kushoto. Huyo mama natuma habari ya siri. Adui akijua lugha yako, wewe nabadilisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Habari gani ya siri, Afande?

— Kama ni siri, mimi najua namna gani?

— Basi ni ramani! Oyugi alisimama kabisa. Upande wa kwanza ni njia, upande wa pili ni pale dhahabu imefukiwa.

— Dhahabu ya nani?

— Ya yule bwana Mwingereza!

— Jana nilikwenda Luzira kwa padri mmoja Mhispania, alisema Makokha. Nikaambiwa amekwenda kwao likizo.

— Unaona? Amekwenda kuchimba!

Makokha alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Tangu msiba hakuwa amecheka hivyo, na alijua wenzake wanafanya makusudi, akawapenda kwa hilo.

Ndipo akatokea Katembo, fundi cherehani kutoka Kongo, mgeni pale kijiweni, amebeba koti la harusi likiwa bado na nyuzi nyeupe za kushikizia.

— Papa Makokha, vaa kwanza, nione mabega.

Makokha akavaa. Katembo akavuta mkono huu, akavuta ule, huku sikio liko redioni.

— Ni kanda ya nani?

— Ya Mama Nafuna, marehemu.

— Na yeye, wakati alikuwa anaisikiliza, alikuwa anacheka ao analia?

Afande Atim akaanza kupanga mukene ambao ulikuwa umekwisha pangwa. Wote walimtazama Makokha, maana hilo angelijua mwenye nyumba.

Miaka kumi na minne Makokha alifanya zamu ya usiku katika kiwanda cha sabuni. Mchana alilala, na ng'ambo ya pazia alisikia mnong'ono tu.

— Sijui, Katembo, alisema. Nilikuwa nalala. Alikuwa akipunguza sauti nisiamke.

Nasser alizima redio. Hakuna aliyetoa methali.

— Nafuna ndiye alikuwa akikaa naye, Makokha alisema tena, taratibu. Mtoto atajua.

Akaitoa kanda, akashika njia ya nyumbani amevaa koti lile lisilokwisha kushonwa.

— Papa, koti!

— Wacha yeye aende, alisema Afande Atim.

Makokha hakugeuka. Uso ulikuwa umemwiva kwa aibu, lakini alizidi kukaza mwendo, anakwenda kumuuliza binti yake jambo ambalo mume alipaswa kulijua.