Historia ya Filemoni Mniko, Aliyetaja Kilima Kimoja Badala ya Kingine

Wazee wetu, shikamooni. Padre, mwenyekiti wa kijiji, ndugu na majirani mliofika hapa Genkuru, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Rubeni Kisyeri, mdogo wake marehemu, na karatasi hizi ni mwandiko wangu, lakini maneno mengi ni yake, kwa maana aliyasema akiwa kitandani, nami nikayaandika, akaniapisha nisipunguze hata moja.

Kaka yetu Filemoni Mniko Kisyeri alizaliwa tarehe 12 Januari 1948 hapa hapa Genkuru, wakati wilaya yetu ikiitwa Mara Kaskazini, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Kisyeri Mogesi na mama yetu Robi, ambaye leo anamzika mwanawe. Alianza darasa la kwanza katika shule ya misheni mwaka 1957, akamaliza darasa la nane mwaka 1964, akisifiwa sana kwa hesabu, nasi tuliomfuata tunakumbuka alivyokuwa akituambia ni hatua ngapi kutoka zizini hadi mtoni, tukabisha, tukahesabu, tukakuta ni hivyo.

Mwaka 1967 alijiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na mwaka 1969 akaandikishwa askari wa miguu, akafundishwa kazi ya redio, kwa sababu walimu wake waliona kwamba anasoma ramani vizuri na sauti yake haitetemeki. Kazi yenyewe, kama alivyonieleza, ni kubeba redio mgongoni pamoja na ramani, dira na kokoto mfukoni, maana kwake hatua mia na ishirini zilikuwa mita mia moja, na kila mita mia alihamisha kokoto moja kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto, hata akiwa katikati ya pori aweze kuweka kidole kwenye ramani na kusema tupo hapa. Mahali walipo alipataja kwa namba sita, tatu za kwenda mashariki, kisha tatu za kupanda kaskazini, na wenye mizinga huko nyuma waliamini namba hizo, kwa kuwa wao hawaoni, wanasikia tu.

Tarehe 18 Novemba 1972 alifunga ndoa na shemeji yetu Wegesa, na Mungu akawajalia watoto watatu, Veronika aliyezaliwa mwaka 1975, Mogesi wa mwaka 1978, na Kezia wa mwaka 1981. Mwaka 1974, tulipohamia kijiji cha ujamaa, alikuja likizo akawapimia watu viwanja kwa dira na hatua zake, na wengi wenu mliokaa hapa mnaishi kwenye mistari aliyoichora yeye.

Vita vilipoanza mwaka 1978 alikwenda, na huko rafiki yake mkubwa alikuwa Tomaso, kijana Mwikoma wa Robanda, aliyekuwa akitembea nyuma yake na kumsaidia kuhesabu hatua. Sasa nasoma kama alivyosema.

Asubuhi ya Jumatano tarehe 14 Februari 1979, ndani ya Uganda, watu wapatao thelathini walivuka bonde la mafunjo kwa kukimbia, risasi zikipita, ukungu ukiwa umefunika vilima viwili vinavyofanana, na katika kukimbia kule hesabu ya hatua ikampotea. Walipofika juu na kulala chini, redio ilimwita ataje mahali walipo, kwa kuwa makombora yetu yalikuwa tayari kupiga kilima cha pili, ambako adui alionekana jana yake. Tomaso, aliyelala ubavuni mwake akishika ramani isipeperuke, alimwambia, “Mniko, waambie hatujui, wasubiri ukungu upande kwanza.” Kaka yangu alijua kwamba Tomaso anasema kweli, lakini miaka yote ya kazi yake hakuwahi kusema sijui kwenye redio ile, na wakubwa wote walikuwa wakisikiliza, basi akataja namba sita za kilima cha kwanza, kwa sauti yake ileile.

Walikuwa juu ya kilima cha pili, ambacho adui alikuwa amekwisha kukihama. Kombora la kwanza lilipoanguka alipiga kelele redioni wasimamishe, nao wakasimamisha, lakini mawili yalikuwa yameshatoka, na la tatu lilimpata Tomaso, akafariki mnamo saa nne, kichwa chake kikiwa mapajani mwa kaka yangu. Alipoulizwa, alisema ni kombora la adui, na ndivyo ilivyoandikwa, na ndivyo alivyopelekewa habari mama yake Tomaso, Mama Efrazia.

Alirudi nyumbani mwaka 1980, akawa mkufunzi wa mgambo hapa kijijini, na vijana aliowafundisha ramani wanajua alivyokuwa mkali, mtu akibahatisha jibu anakimbizwa kuzunguka uwanja, mtu akisema sijui anapigiwa makofi, wakamcheka kwa siri. Tena kila msimu wa palizi alivuka Mto Mara akaenda Robanda, safari ya siku mbili, akamlimia Mama Efrazia shamba lake, akamjengea ulingo wa kulindia mtama dhidi ya nyumbu na tembo, kisha akarudi amekonda. Shemeji yetu alifikia kumuuliza, “Huyo mama ana binti wangapi?” naye akajibu, “Hana mtoto hata mmoja,” akatoka nje, akakaa zizini mpaka jua likazama. Alikwenda mara nne, na mara zote nne alikuwa amekusudia kusema.

Mwezi Mei 1983 tumbo lilianza kumsumbua, akatibiwa zahanati, kisha hospitali ya wilaya, na mwezi Novemba huko Musoma tukaambiwa kwamba ini limeharibika na hakuna la kufanya. Ndipo aliponiita akanieleza haya. Nilimwambia tumwite Mama Efrazia aje, akakataa, akasema, “Mtu haitwi kuja kusikia neno kama hili, hufuatwa. Nikipata nguvu nitakwenda.” Nguvu hakuzipata. Alifariki Alhamisi tarehe 16 Februari 1984, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka thelathini na sita.

Kwa kuwa sikutaka mama huyo ayasikie mbele ya watu, Ijumaa nilipanda lori la ushirika hadi Mugumu, nikafika Robanda, nikamkuta anapepeta mtama, nikamwamkia, nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kwa maana nilishindwa kukaa. Aliuliza kama mwanawe alikufa peke yake, nikasema hapana. Kisha akasema, “Mwanangu, tangu mara ya pili nilijua kuna neno. Mtu halimi shamba la mwenziwe huku analia, akidhani simwoni. Nilimwacha aje nalo mwenyewe. Nilidhani muda tunao.” Halafu akaingia ndani akachukua kanga yake, akaniambia twende, na nikisoma nisiruke mahali.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomhangaikia, majirani mliomwogesha na kumgeuza siku alipokuwa hawezi kujigeuza, wanamgambo wenzake mliochimba kaburi hili kwenye mwamba, serikali ya kijiji kwa mahindi na maharage, na dereva wa lori aliyetungoja Mugumu. Ameacha mama, mjane, watoto watatu, na sisi ndugu zake, ambao tuliishi naye miaka minne bila kujua alichobeba.

Kaka Filemoni, nimesoma kama ulivyosema. Mama Efrazia amekuja, amesikia yote, na bado ameketi hapa, ameushika mkono wa mama yetu. Pumzika sasa kwa amani.