Alinitafuta Munje Nami Niko Bongwe

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Bwana asiyetuonea haya. Mchungaji amenipa dakika kumi, na anavyonijua ameshakaa kitako, kwa hiyo acha niingie moja kwa moja.

Jina langu ni Mwende. Wengi mnanijua kama mama Rehema, yule wa sauti ya pili anayechelewa mazoezini. Leo nitasema neno ambalo wengine mtatoka nalo hapa mpaka sokoni Ukunda. Tokeni nalo tu, mimi nimeshachoka kulibeba peke yangu. Kabla sijawa mama Rehema nilikuwa nauza mwili wangu kule Diani. Mama yangu alijua nafua mashuka hotelini. Sikufua shuka hata moja.

Tena ninaishi na virusi vya ukimwi. Najua yuko mtu hapa anayesubiri niseme niliombewa vikatoweka. Havikutoweka. Leo asubuhi nimemeza dawa yangu ndipo nikavaa nguo ya kuja ibadani, na kesho nitameza. Ushuhuda wangu ni wa mtoto aliyekuwa tumboni mwangu wakati wa korona, na wa mwanamke aliyemfuata mtoto huyo kwa miguu, hajui hata kama yupo.

Mwanamke huyo anaitwa Mwanasha. Ni Mdigo, Mwislamu, mtu wa Gazi. Naye alifanya kazi ile ile niliyoifanya mimi, baadaye akafundishwa kuwa mwelimishaji rika. Maana yake ni kwamba yeye anajua tunakosimama, anatujua kwa sura, na anakuja pale pale na kondomu, na dawa za kujikinga kwa wale wasio na virusi, na dawa zetu sisi tulio navyo. Mchana alikuwa na beseni lake la viazi karai karibu na chumba kimoja cha kukodi pale Ukunda, chumba tulichokiita kituo. Ukitaka kupimwa unanunua viazi kwanza, unakula, unatazama kama kuna mtu anayekujua, halafu unaingia. Watu walisema wanawake wa pale wanapenda viazi kupita kiasi.

Sasa sikieni kosa langu. Siku ya kuandikishwa pale kituoni niliulizwa jina na ninakoishi. Sisi wote wa kazi ile tulikuwa na jina la kazini, na langu lilikuwa Jackie. Nikasema Jackie. Unaishi wapi? Nikasema Munje. Ndugu zangu, Munje sijawahi kulala hata siku moja. Nilikuwa nimesikia tu utingo akiita abiria wa Munje, jina likawa karibu na mdomo. Kwetu ni hapa Bongwe, shambani kwa mama. Nilidanganya kwa sababu niliogopa siku moja mtu abishe hodi kwa mama yangu na karatasi mkononi. Kila mwenzangu alifanya hivyo hivyo. Tuliona ni ujanja.

Korona ikaja. Hoteli zikafunga, baa zikafunga, wageni wakapanda ndege wakaenda kwao. Kanisa hili lilifungwa, na msikiti pia. Kituo nacho kikafunga mlango, maana hatukuruhusiwa tena kukaa wengi chumba kimoja. Mimi nikakunja nguo zangu nikarudi Bongwe, nikamwambia mama hoteli imetupumzisha. Simu niliiuza tukala. Kwa hiyo Jackie hakuwa na simu, hakuwa Diani, na Munje hakuwahi kuwako.

Nilikuja na kopo moja la dawa. Mwezi haujaisha nikajua nina mimba. Nilikaa nyuma ya jiko nikahesabu vidonge vilivyobaki, nikafanya akili yangu mwenyewe, nikasema nitameza leo, kesho niruke, ili vifike mbali. Hiyo si akili. Dawa hizi hazinyooshwi. Ukiziruka, virusi vinaamka, na vikiamka mtoto ndiye anayevipata. Nilifundishwa hayo na Mwanasha mwenyewe, nikayasahau kwa hofu.

Mtasema, zahanati si ipo? Ipo. Lakini aliyekaa pale na daftari alikuwa akimjua mama tangu zamani, wanaitana kwa majina ya watoto wao. Na Msambweni, kwenye hospitali, nilikuona mbali kama nchi nyingine, na askari njiani, na siku zile ukikohoa tu kwenye foleni watu wanatawanyika. Nikabaki nyumbani. Kopo likaisha. Siku ya tisa bila dawa nilijifungia chumbani nikaomba. Sikuomba vizuri. Nilisema, Mungu, mimi nifanye utakavyo, nimeyataka mwenyewe, lakini huyu hajamkosea mtu.

Nilichokuwa nataka nadhani ni malaika, au ndoto, au kidonge kianguke kutoka darini. Nililetewa mwanamke wa Kidigo mwenye saumu.

Ilikuwa alasiri, mwezi wa Ramadhani. Mama alikuwa uani akimenya mihogo. Nikasikia sauti ambayo nusura initoe roho.

"Hodi wenyewe. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Umebeba nini?"

"Viazi karai, mama. Watu wanafuturu navyo. Na wewe hujambo? Mihogo mizuri hii."

"Sijambo. Kaa kwanza. Jua lote hili, na hata maji siwezi kukupa."

"Nimeshapokea, mama."

Nilichungulia dirishani. Alikuwa yeye, barakoa usoni, buibui limejaa vumbi mpaka magotini, beseni chini ya mguu wake. Nikaomba ardhi ipasuke. Kwa maana yeye ananijua kwa jina moja tu, Jackie, na akilitamka mbele ya mama, yamekwisha. Mama akaita, "Mwende! Njoo uone viazi." Nikatoka, sina pa kwenda. Mwanasha akanitazama. Nikaona macho yake yakilipokea jina lile, mara ya kwanza kulisikia maishani mwake. Akasema, bila kupepesa, "Mwende, mwenzangu. Umenipotea kweli. Mama, huyu nilikuwa nikimuuzia viazi pale hotelini kwao."

Ndugu zangu, mimi nimesikia mahubiri mengi. Sijasikia neno lililonifanyia wema kama lile.

Mama akatuacha. Tulikaa nyuma ya jiko na Mwanasha akavua upole wote aliokuwa nao mbele ya mama.

"Wewe una dhambi," akaniambia kwa sauti ya chini. "Munje nimekwenda mara tatu. Mara tatu, na saumu. Nimepita nyumba kwa nyumba na viazi, nikiulizia mwanamke wa Kikamba mweusi mwenye pengo. Munje sasa wananijua kuliko watu wa kwetu Gazi. Mzee mmoja akaniuliza kama nataka kuolewa."

"Da Mwanasha, nisamehe."

"Ulinidanganya jina, sikukasirika, mimi mwenyewe nilikuwa na majina matatu. Lakini nyumba? Nyumba, Mwende?"

Nikamuuliza alinipataje. Akasema mwenzetu mmoja alikumbuka kwamba asubuhi nyingine tukitoka kazini mimi nilikuwa nikivuka barabara kubwa nikishika njia ya Bongwe, na mtu wa Munje hana sababu ya kuvuka, Munje haiko upande ule. Basi akaanza Bongwe, nyumba ya kwanza mpaka yetu, siku nne, jua la mchana. Alikuwa na orodha ya wanawake arobaini. Thelathini na tisa alikuwa ameshawapata.

Akainua viazi. Chini yake, ndani ya mfuko wa plastiki, zilikuwa kondomu na makopo ya dawa, na kila kopo limejazwa pamba ili vidonge visilie njiani. Maana mlio ule tunaujua sote, na majirani wameanza kuujua. Nikamwambia nina mimba. Nikamwambia siku tisa. Hapo hakunigombeza tena. Alinishika mkono, korona na iwe korona, akasema, "Meza kimoja sasa hivi, mbele yangu. Kesho tunakwenda Msambweni kwa muuguzi, na mimi nakwenda nawe." Nilimeza kwa maji ambayo yeye hakuweza kuyanywa.

Na tulikwenda. Kizuizini askari alituuliza safari ya nini, Mwanasha akamwonyesha barua ya kazi yake na akamwamkia kwa adabu mpaka yule askari akaona haya kuendelea kutusimamisha. Muuguzi hakuniuliza mimba ni ya nani. Alinitoa damu, akaniambia habari mbaya bila kuipamba, kwamba virusi vimepanda, na akaniambia kuna muda wa kuvishusha kabla ya kujifungua ikiwa sitaruka hata siku moja. Nilirudi nyumbani na hofu, lakini hofu yenye kazi ya kufanya.

Kila wiki beseni lilikuja. Ramadhani ikaisha, beseni likaja. Mvua ikanyesha njia ikawa tope, beseni likaja na mwenyewe amevua viatu. Wala sikuwa mimi peke yangu. Wenzake walifanya hivyo hivyo huko Diani na Msambweni, mmoja na kapu la mboga, mwingine na barakoa alizoshona mwenyewe, kondomu zimekunjwa ndani. Wanawake ambao hapa tulikuwa tukiwaombea watoke mjini kwetu. Mimi pia niliitikia amina hiyo, nikiwa mmoja wao. Milango ya ibada ikiwa imefungwa, wao walikuwa wakitembea kutafuta waliopotea. Nawaheshimu. Nasema hadharani, sijaona watumishi kama wale.

Damu ya pili ilipopimwa, virusi vilikuwa vimeshuka chini kabisa. Nilijifungua Msambweni, asubuhi, mtoto wa kike, na wakampa dawa yake ya maji siku ile ile. Nikamwita Rehema, jina ambalo kwetu lipo na kwa kina Mwanasha lipo. Alipopimwa wiki ya sita hakuwa na kitu. Lakini waliniambia nisishangilie, jibu la mwisho hutoka baada ya mwaka na nusu, akiwa ameacha ziwa. Mwaka na nusu, ndugu zangu. Nilimnyonyesha kila siku nikiogopa maziwa yangu mwenyewe, na kila siku nikameza.

Siku ya jibu Mwanasha alikaa nami kwenye benchi la nje, amempakata Rehema, ananiambia hadithi ya yule mzee wa Munje ili nicheke. Sikucheka. Muuguzi akatoka na karatasi, akatutazama wote wawili, akasema, "Mama, mtoto hana. Imekwisha." Nilipiga magoti pale pale kwenye sakafu. Mwanasha akasema alhamdulillahi, na akalia mpaka mtoto akaanza kumfuta machozi kwa kiganja.

Mama yangu nimemwambia yote wiki iliyopita, kwa sababu sikutaka aisikie hapa. Aliendelea kumenya mihogo yake mpaka nikamaliza. Halafu akaniuliza swali moja tu, "Na yule wa viazi, anajua kwamba namshukuru?" Yuko hapo mstari wa mbele, mama yangu. Mungu akutunze.

Kazi ile niliiacha, na sasa mimi ni mwelimishaji rika. Nina orodha yangu. Wanawake wa orodha yangu hawajaacha kazi wote, na mimi siwasubiri waache ndipo niwapelekee dawa. Mwanasha hakunisubiri.

Basi namshukuru Mungu aliyesikia ombi langu bovu, na namshukuru kwa miguu aliyoituma. Mwaminini. Na najua, katika viti hivi, yuko mmoja ambaye kopo lake limekwisha, au anaogopa kupimwa, na anaangalia chini ili nisimwone. Sikutazami. Ibada ikiisha nitakuwa pale nje. Njoo tuongee kama watu wanaosalimiana. Nitakuuliza jina, na kama unaogopa, nidanganye, haina neno, nitaliandika hivyo hivyo. Lakini nikikuuliza unaishi wapi, dada yangu, niambie kweli.