Baiskeli Bila Keria

Kwenye basi la Bungoma, mbele yangu aliketi Mzee Wabwile, mwanariadha mstaafu, medali bado shingoni. Alikuwa amemalizia Kitale safari ya siku kadhaa kwa baiskeli, kuchangisha pesa za wodi ya kujifungulia; hata mimi nilichanga. Mama muuza kabichi aliyekaa naye hakuridhika. "Siku hizo zote ulibeba nani?" "Sikubeba mtu, mama. Baiskeli ya mashindano haina keria ya kubebea mtu nyuma." "Sasa mwenye uchungu akikusimamisha njiani?" "Ilikuwa ya kuchangisha tu," akasema mzee. "Ati kuchangisha. Baiskeli tupu, bana."

Basi liliposimama, magoti ya mzee yalikataa kunyooka. Mama akaweka kabichi zake chini, akamgeuzia mgongo. "Nishike mabega, mzee. Mimi niko na keria."