Laurentine Mwansa, Aliyesoma Injili Penye Robine

Ndugu, jamaa, majirani wa mtaa huu wa Kenia, na ninyi mliofika jana kwa treni kutoka Kambove: huyu tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 21 mwezi wa tisa 1957, ni dada yangu mkubwa, Laurentine Mwansa. Mimi ni Godefroid, kitinda mimba wa nyumba yetu, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake. Nitayasema jinsi yalivyokuwa, maana mwenyewe hakupenda maneno ya kupunguzwa.

Alizaliwa Kambove tarehe 3 mwezi wa tano 1913. Baba yetu, Clément Kalenga, alitoka upande wa Kongolo kufuata kazi ya mgodi. Mama alikuwa mtu wa Mokambo, na jina Mwansa lilitoka kwa bibi yetu mzaa mama.

Mwaka 1922 baba alihamia hapa Élisabethville, na Laurentine akaingia shule ya masista. Walimfundisha kusoma, kushona na kunyamaza. Hilo la tatu halikumwingia. Alipotoka alikuwa na kitabu cha Injili cha Kiswahili, alichopewa kama zawadi, na tangu hapo hakupitisha siku bila kukifungua.

Tarehe 12 mwezi wa tisa 1931 alifunga ndoa na Léonard Mwaba, fundi wa chuma, wakapewa nyumba katika kampi ya wafanyakazi. Laurentine alishona nguo za watu. Kupika kulimshinda pale tu alipokuwa anaifikiria Injili ya siku. Siku moja bukari, ugali wetu, iliungua, na Léonard alituambia sisi wageni, "Leo Maria njo alipika. Marta alienda kutembea." Laurentine alicheka kuliko wote, kisha akatupakulia ile iliyoungua.

Asubuhi, wanawake wakingojea zamu ya maji penye robine ya kampi, bomba la wote, aliwasomea Injili ya siku hiyo na kusema neno kuhusu maisha yao: mume mlevi, jirani aliyenuniwa, mtoto mgonjwa. Hakuna aliyeona ubaya mpaka Kwaresima ya 1944. Unga wa posho ulikuja na wadudu, na waliolalamika waliambiwa wauchekeche. Alhamisi tarehe 9 mwezi wa tatu, Injili ilikuwa ya tajiri na Lazaro.

"Ule tajiri hakumupiga Lazaro," alisema. "Hakumutukana. Alikuwa anapita tu pembeni yake, anaenda kula. Njo zambi yake yote ile. Basi hii unga yetu ya badudu, nani anapita pembeni yake kila siku?"

Maneno yalimfikia mkuu wa kampi. Kesho yake yeye na padri waliwaita mume na mke ofisini.

"Laurentine, nani alikupa ruhusa ya kufundisha Injili?" padri aliuliza.

"Sifundishe, mon père. Ninasoma, kisha ninasema vile inanigusa mu maisha."

"Mwanamke anasema hayo nyumbani, kwa watoto wake."

Mkuu wa kampi hakutaka mazungumzo. Akimgeukia Léonard, alisema, "Umunyamazishe bibi yako, ao mutoke mu kampi."

"Bwana, nilioa muntu," Léonard alijibu. "Sikuoa taa, eti nizime."

Njiani alimuuliza mkewe kama atasoma tena. "Ni Kwaresima," Laurentine alisema. "Kila siku iko na Injili yake. Niruke gani?"

Ijumaa tarehe 17 ilikuwa Injili ya mwanamke Msamaria. Wanawake walijaa, hata wale wenye maji nyumbani. Kapita Clovis, mnyapara wa kampi, alisimama karibu kusikiliza. Laurentine alisoma jinsi mwanamke yule alivyouacha mtungi wake kisimani akaenda kuita mji mzima. Kisha akamwangalia Clovis usoni. "Ule mwanamuke, nani alimupa ruhusa?"

Clovis alienda kusema kwa wakubwa. Kufika adhuhuri vyombo vyao vilikuwa nje. Wanawake wa kampi walivibeba wenyewe, cherehani kichwani, wakavitoa langoni wakiimba, huku mkuu wa kampi anatazama.

Gharama yake ilikuwa kubwa, nami sitaificha. Hapa Kenia walipata chumba cha matofali mabichi kilichovuja. Katika mvua za mwaka ule mtoto wao mdogo, Annie, alishikwa na kifua akafa. Laurentine hakusoma tena kwa muda mrefu. Watu wengine walisema amepata adhabu yake. Asubuhi moja alitoka na kitabu, akasimama penye robine ya mtaa, akasema, "Nilimukasirikia Mungu. Ningali na kasirani. Lakini tutasoma." Akasoma.

Mwaka 1952 padri mwingine, mtu mpole, alimpa ruhusa, ila kwanza awe anamwonyesha katekista Rigobert atakayoyasema kesho yake. Alikataa. "Neno ya kesho siyaipata bado. Nitamuonyesha nini leo?" Basi aliendelea bila ruhusa, na Wakatoliki walisimama pamoja na wanawake Waprotestanti waliotoka Kasai.

Mwaka jana mgongo ulianza kumuuma, kisha ukapinda. Hospitalini aliwasomea wagonjwa akiwa amelala ubavu. Alijua kwamba Injili ya Jumamosi hii ni ya mwanamke aliyepinda mgongo, ambaye Yesu alimnyoosha siku ya sabato, wakubwa wakakasirika. Alimwambia binti yake, "Brigitte, ile utaisoma weye. Usiseme miye nilinyoloka. Sikunyoloka. Useme aliitwa mbele ya bantu yote, na aliitika." Alifariki Alhamisi tarehe 19, alfajiri.

Jana tuliombwa na msimamizi wa mtaa tusome uani, kwa faragha. Asubuhi ya leo Brigitte alisoma penye robine.

Marehemu ameacha mume wake, Léonard, watoto wake, Brigitte na Alexis, wajukuu, na ndugu zake, Adolphine nami. Amemfuata Annie.

Mungu ampe raha yake. Jumatatu, maji yakifunguliwa, tutasoma.