Makofi Kumi na Moja

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Mwenyekiti wa chama chetu cha mpira wa kikapu. Bwana Wakala, uliyesafiri kutoka mbali kutufikia. Makocha, walimu, wazazi na wachezaji. Na wewe dada yangu wa tumbo moja, uliyenikunjia uso tangu asubuhi: nawasalimu nyote, mwenye cheo kwa cheo chake, na asiye nacho kwa utu wake.

Nimepewa dakika tatu nizungumzie uvumilivu. Mwenyekiti ameniandikia mwenyewe ya kusema. Karatasi ninayo mfukoni, na itabaki humo humo. Leo tumekuja kumuaga mpwa wangu, binti wa dada yangu huyu, mnayemwita Sindano kwa jinsi anavyopenya katikati ya walinzi. Anakwenda kucheza kikapu cha kulipwa ng'ambo. Mezani pale penye kitambaa cheupe upo mkataba, ipo kalamu, na mpiga picha ameshapanga viti. Nikishuka hapa, anatia sahihi. Mimi sitaki autie sahihi mkataba ule jinsi ulivyo. Nimelisema mapema, asije mtu akadai baadaye kwamba nilizungukazunguka.

Mshereheshaji alipokuwa ananikaribisha, alizisoma klabu zangu zote moja baada ya nyingine. Klabu kumi na moja, miaka kumi na minne, nchi tisa. Na ninyi, ndugu zangu, kila alipotaja klabu mlipiga makofi. Nilikuwa nimekaa pale nikihesabu. Hivi mlikuwa mnapigia makofi kitu gani? Mtu anayependwa mahali huhama mara kumi na moja? Mlikuwa mnashangilia kufukuzwa kwangu, mara kumi na moja, na mara ya tano mlisimama kabisa. Pale nilikaa wiki tano.

Siwalaumu sana, maana mimi ndiye niliyewadanganya. Kila nilipoachishwa, niliandika nyumbani kwamba nimehama. Nilikuwa natoka mapema na begi langu, naomba mpita njia anipige picha mbele ya uwanja, natabasamu, natuma. Picha zile dada yangu alizibandika ukutani sebuleni. Hakujua kwamba nyingi zilipigwa siku ya kuondoka.

Kule kila timu inaruhusiwa wageni wawili au watatu. Timu ikifungwa mechi tatu mfululizo, unadhani wanamfukuza mwenyeji? Wanamfukuza mgeni. Klabu ya tatu nilijua nimefukuzwa nilipofika mazoezini nikakuta kabati langu limebandikwa jina la mtu mwingine, na viatu vyangu vimetiwa kwenye mfuko mweusi wa taka. Mwenye jina alikuwa pale pale anafunga kamba za viatu. Aliniuliza kwa adabu bomba lipi la bafuni linatoa maji ya moto. Nikamwonyesha. Ningefanya nini? Naye aliachishwa baada ya miezi miwili.

Hayo ni ya mchezo, nimeyasamehe. Sasa sikilizeni nisiyoyasamehe. Klabu ya nne niliumia goti mazoezini, siku ya Jumanne. Nilisikia kitu kinakatika ndani kama kamba mbichi. Daktari wa klabu akanibonyeza kwa kidole gumba, akasema maneno mawili matatu, na kocha msaidizi akanitafsiria: "Uko mzima, ila huwezi kucheza." Nikadhani amekosea kutafsiri. Kumbe amepatia sawasawa. Kama ni mzima, hawana haja ya kunitibu. Na kama siwezi kucheza, hawana haja ya kukaa nami. Alhamisi nilikuwa ndani ya ndege, mguu nimeunyoosha njiani, na mhudumu ananiambia kila dakika niukunje.

Na nilipotua hapa, Mwenyekiti, ulikuwa umeniletea wapiga picha. Unakumbuka? Ukaninong'oneza, "Usichechemee, watu wanatazama." Nami, mjinga wa wajinga, nikatembea bila kuchechemea mpaka kwenye gari, meno nje. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi la mkuu nililisikia, na guu lilikuwa limevunjika vile vile. Dada yangu ndiye aliyelikanda miezi minne. Leo mmeniona napanda vidato vitatu vya jukwaa hili ubavu ubavu, nikasikia mtu akicheka kwamba Mlingoti, jina mlilonipa uwanjani, bado ana madaha. Yale si madaha, ndugu yangu. Goti halikunjiki.

Sindano alikuwepo siku ile nilipotua. Alikuwa na miaka minane. Alinishika mkono akasema, "Mjomba, na mimi nitakwenda." Kama ningechechemea siku ile, angeuliza kwa nini. Sikuchechemea, hakuuliza.

Katika klabu ya sita alikuwepo mama mmoja mfagiaji wa ukumbi. Kati ya watu wote niliowakuta kule, namshukuru huyo mbele yenu. Kila asubuhi alikuwa akiegemeza ufagio wake, ananifundisha kusoma lugha ambayo mikataba yetu huandikwa kwayo, kwa magazeti ya jana. Nilipoanza kuelewa, nikautoa mkataba wangu wa klabu ya nne chini ya begi. Kipengele cha tisa kinasema klabu itamtibu mchezaji maumivu yote, isipokuwa daktari wa klabu akiona kwamba hayakutokana na kazi yake. Daktari wa klabu. Peke yake. Na akishaona hivyo, mkataba umekwisha siku hiyo hiyo. Nilikaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo na karatasi ile mikononi, nikalia kwa hasira.

Je, baada ya hapo niliacha kutia sahihi? Hapana. Nilitia tena mara tano, macho yangu yakiona. Nilitia kwa sababu niliogopa kurudi kwenu mikono mitupu na kuulizwa, "Vipi, wamekushinda?" Kwa hiyo hasira hii mnayoiona siwagawii ninyi peke yenu. Fungu kubwa ni langu.

Wiki iliyopita mpwa wangu aliniletea mkataba wake jikoni, anacheka, ananiambia, "Mjomba, nisomee na wewe ufurahi." Nikasoma. Kipengele cha tisa kiko pale pale, neno kwa neno. Miaka yote hii wamebadilisha jina la klabu na jina la mtoto. Nilimpigia Bwana Wakala simu mara tatu, naye akanijibu kwamba huo ndio utaratibu, kila mtu anatia sahihi. Najua, bwana; ndiwe uliyenipa kalamu mimi. Nikaenda ofisini kwa Mwenyekiti. Akaniambia tutalizungumza baada ya sherehe. Baada ya sherehe! Yaani mtoto akishatia sahihi ndipo tukae tuzungumze?

Mwenyekiti, usimkonyeze fundi wa mitambo. Akikizima kipaza sauti hiki, goti tu ndilo bovu; mapafu ninayo.

Dada yangu jana aliniambia, "Wewe umeshakula, sasa unataka kufunika sufuria mwanangu asile." Maneno yale yaliniingia, nikatoka nje. Nakujibu leo, dada, mbele ya watu. Sifuniki. Mtoto huyu anacheza kuliko nilivyocheza mimi siku yangu bora. Aende. Begi lake nitalibeba mwenyewe kwa mguu huu huu. Lakini kipengele cha tisa kifutwe, kiandikwe kwamba akiumia atatibiwa mpaka apone, na daktari asiye wa klabu ndiye aseme amepona. Ni mstari mmoja. Kalamu iko mezani, Bwana Wakala yuko hapa, na Mgeni Rasmi ni shahidi.

Bwana Wakala, mbona unakusanya karatasi? Hakuna aliyekufukuza. Kaa, tafadhali. Nimekuomba ufute mstari mmoja tu, na wewe unaondoka na mkataba mzima?

Basi wazazi mmeona wenyewe, mimi sina la kuongeza. Mgeni Rasmi, nisamehe kwa kuvuruga ratiba yako. Walimu na makocha, nawashukuru kwa kumlea binti yetu. Nyote mlionitegea sikio mpaka hapa, Mungu awalipe. Kipaza sauti hiki simrudishii mshereheshaji. Njoo, mpwa wangu, kishike wewe. Mguu ni wako. Muulize Bwana Wakala swali moja, kwa sauti, hadi walioketi nyuma wasikie: "Nikivunjika, nani atanitibu?" Kisha subiri jibu. Sisi wote tutanyamaza tusubiri nawe.