Mstari Niliosimama Mbinga

Sogeeni, wanangu. Edmund, niinue mgongo kidogo. Flaviani, funga mlango, upepo huu wa mlimani unanimaliza. Nitakayosema yabaki kwenu nisipokuwepo.

Shamba la kahawa la hapa Mpepai mligawe mafungu matatu, si mawili. Fungu la chini, karibu na kijito, ni la dada yenu Vitalia. Najua mnashangaa, maana tangu ashuke Lituhi, kule ziwani, na mumewe hajakanyaga hapa, mwaka wa tatu sasa, nami niliwaambia ana kiburi. Nilidanganya. Mkosaji ni mimi.

Mnakumbuka serikali ilipotangaza kwamba kila mpiga kura atachagua watu watatu: Mzungu mmoja, Mhindi mmoja, Mwafrika mmoja. Kabla ya siku hiyo chama kilituita Mbinga tumteue Mwafrika wetu, jina lake lipelekwe Songea. Shemeji yenu Nazari, mume wa Vitalia, alijitokeza. Ni Mnyasa wa ziwani, lakini alikaa kwangu miaka minne, akajifunza kuchimba ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia, kwenye miteremko kama Mmatengo yeyote, na bwana shamba alipotaka kung'oa kahawa ya wajane, yeye ndiye aliyekwenda bomani kubishana. Asubuhi ile aliniuliza, "Shikamoo, baba. Uko nami?" Nikamjibu, "Mwanangu, mimi ndiye wa kwanza nyuma yako."

Mwenyekiti akasema kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka. Wanyasa wakaenda kwa Nazari, Wangoni kwa mtu wao, na ndugu zetu wote kwa Mansuetus, Mmatengo mwenzetu, ambaye hata kuzungumza mbele za watu hakuweza. Mjomba wenu akanishika mkono. "Bernadi, utatuaibisha kwa ajili ya mla samaki?" Miguu ikaenda, wanangu. Nikasimama na kabila langu. Mansuetus akashinda kwa mtu mmoja.

Nazari alikuja akanipa mkono, bila neno baya. Vitalia ndiye aliyenitazama, akasema, "Baba, mtu mmoja tu." Kesho yake wakafunga mizigo, wakashuka.

Tangu hapo, kila wauza samaki wanapopanda kutoka ziwani nawauliza habari zake. Wanasema amezaa binti, amempa jina la marehemu mama yenu, Kunigunda. Mjukuu wangu anatembea sasa, na sauti yake siijui. Nimeketi nje siku nyingi nikitazama njia ile ya kuteremkia, na kila mwanamke aliyebeba mtoto nilimdhania ni yeye.

Mansuetus msimchukie, hakuniita yeye. Ninyi mkichagua viongozi kesho, simameni na mtu mliyempa neno lenu, hata mkibaki wawili. Msinizike mpaka Vitalia afike. Nazari atangulie kutupa udongo, kabla yenu.

Maji... asante. Mungu awaweke pamoja, ninyi watatu, na watoto wenu. Edmund, usikae kuningoja. Shuka Lituhi sasa. Mwambie dada yako... mwambie baba anaomba... Nenda, mwanangu. Nenda tu.