Nilikimbia Mbele Yenu, Nikachechemea Ndani ya Kahawa

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Lakini tafadhali leo msiitikie sana. Ngojeni kwanza nimalize. Mara ya mwisho nilisimama hapa mkapiga makofi mpaka mtu wa ngoma akaingia, na yale yalifuata bado yananitetemesha. Hii nimeiandika kwa daftari yangu ndio niisome, kwa sababu nikiongea bila karatasi nakimbiza maneno. Mnanijua. Mimi sina subira.

Kwa wageni, naitwa Nyambura. Nakaa hapa Theta, nashona kwa kiwanda ya nguo Ruiru, kwa laini ya kushona kola za mashati. Nilipopata hiyo kazi, shida yangu ya kwanza ilikuwa kungoja gari ijae. Kukaa tu kwa kiti hivyo, moyo ilikuwa inapanda! Siku moja nikashuka, nikaingia njia ya katikati ya mashamba ya kahawa, nikakimbia na begi mgongoni mpaka geti ya kiwanda. Nikafika kabla ya hiyo gari. Nilishangaa mwenyewe, kwa sababu tangu shule sikuwa nimekimbia hata kufukuza kuku.

Ikawa hivyo. Wiki ya kwanza siku mbili. Wiki ya pili kila siku ya kazi. Wiki ya tatu nikaongeza na jioni nikirudi. Nilikuwa nalala vizuri, ile kuhema nikipanda ngazi ikaisha, na nyinyi vijana mkaanza kuniita Mbio. Nilipenda hiyo jina. Nisidanganye tena, niliipenda sana.

Kwa laini yetu kuna dada anaitwa Nafula, mtu wa Bungoma, alikimbia shuleni mpaka akawakilisha kaunti yao. Huyo alinionya mapema. Aliniuliza napumzika siku gani, nikasema Jumapili. Akauliza hizo raba ni za lini, nikavuta miguu chini ya mashine, kwa sababu zilikuwa za mitumba na upande wa kisigino zimeisha kama sabuni. Akaniambia mtu anaongeza kidogo, anangoja mwili ushike, ndio anaongeza tena. Mimi nikasema hiyo ni mbio ya wazee.

"Sawa, Mbio," akasema. "Lakini mguu sio kola. Ukiharibu, hakuna mwingine kwa stoo."

Laini nzima ikacheka, na mimi pia nikacheka.

Uchungu ikaanza kwa mfupa wa mbele, chini ya goti, mguu wa kushoto. Mwanzo ilikuwa inaisha nikipata joto. Halafu ikakataa kuisha. Halafu ikawa mahali moja tu, unaweza kuifunika na kidole gumba, na nikienda kulala yenyewe hailali. Nikapaka dawa ya misuli, nikafunga bandeji, nikaendelea. Sikupumzika hata siku moja ya kazi.

Ndio ikafika ile Jumapili. Mnaikumbuka. Mhubiri mgeni aliita wagonjwa, nikaja mbele, akaniombea, na ndugu zangu, uchungu iliisha. Nilikanyaga chini, hakuna. Nikaruka, hakuna! Nikakimbia nikizunguka hii kanisa raundi tatu, akina mama wakinifuata na leso. Nikapewa maiki nikasema Bwana ameniponya, na huu mguu sitausikia tena maisha yangu yote. Hiyo ya "maisha yangu yote" hakuna mtu aliniambia niseme. Niliongeza mwenyewe.

Hapo ndipo Shosho Njambi, nyanya yetu sisi wote hapa kanisani, akasimama. Tunajua venye nyonga yake imekuwa tangu aanguke shambani. Alikuja na fimbo yake mpaka hapa karibu na spika, akaiweka chini, akarudi kwa kiti bila kitu mkononi. Vigelegele! Mtu akaturekodi, ikaenda kwa grupu ya kanisa, ikatoka huko ikaenda kwa grupu za watu hata hatuwajui.

Jumanne uchungu ikarudi.

Ndugu zangu, ningefanya nini? Nikichechemea, watu watasema Mungu ameshindwa. Ama watasema nilidanganya madhabahuni. Nikaamua sitachechemea. Nikajua kila mahali mshirika wa hii kanisa anaweza kuniona: kwa kibanda ya mboga, kwa steji ya pikipiki za boda mahali mzee wetu wa kanisa anafanyia kazi, kwa geti. Hapo nilikuwa nakimbia nikitabasamu, nikipunga mkono. Nikishaingia ndani ya kahawa naachilia. Natembea upande upande, nashika mti huu, nashika ule, machozi yakitoka. Niliacha hata njia ya kila mtu nikapata kanjia ka ndani kabisa, mahali watu hawapiti kama sio msimu wa kuchuma. Wiki tatu nzima niliishi hivyo!

Nafula hakudanganyika. Alinipata kwa choo cha kazi nimekunja suruali. Akaangalia mfupa, akaniambia nisimame na huo mguu mmoja niruke mara moja tu. Nikakataa. Akasema basi nimejijibu, niende hospitali. Nikamwambia mimi nimeponywa, kama hajui aangalie video.

"Video nimeona," akasema. "Sasa naona mguu."

Nilimkasirikia, nikaacha kukula na yeye saa ya lanchi.

Asubuhi moja, jua imeshatoka, nikaingia kwa kale kanjia kangu. Nilikuwa nachechemea vibaya siku hiyo, kila hatua inapiga mpaka kwa meno. Nikasikia mtu anahema. Nikafikiria ni mwizi. Kuenda hatua mbili tatu hivi, nikaona ni Shosho Njambi. Amekaa chini kwa udongo, miguu imenyooka mbele, kitambaa cha kichwa kimetoka. Ameshika tawi la kahawa na mikono zote mbili na hawezi kuinuka.

Sikuwa na pa kujificha. Alikuwa ameshaniona venye natembea. Tukaangaliana. Mimi nilikuwa nangoja aniulize, wewe si ndiye ulikimbia kanisani?

"Na wewe pia, mwanangu?" akasema.

Nilielewa saa hiyo hiyo kwa nini mama wa umri wake yuko ndani ya kahawa, mahali hakuna mtu anapita. Alikuwa anaenda kwa binti yake, na alikuwa amejificha kama mimi.

Nikakaa kando yake. Akaniambia nyonga ilimkataa hata kabla hiyo Jumapili haijaisha. Lakini angewezaje kurudi kuitisha fimbo, na video iko kwa simu za watu? Nyumba yake inaangalia barabara. Kila nikipita hapo nikikimbia na kupunga mkono, alikuwa anaingia ndani anapiga magoti na hiyo nyonga, anaomba msamaha, kwa sababu mguu wa Nyambura umepona na nyonga yake imekataa, basi mwenye imani haba ni yeye. Alikuwa anafunga. Mtu wa miaka yake, anakosa kula, kwa sababu ya kile kicheko nilikuwa naweka hapo kwa barabara!

Nilikuwa nadhani naumiza mguu wangu peke yake. Mpaka leo hiyo kitu haijanitoka.

Nikamwambia, Shosho, yangu ilirudi Jumanne. Nilingoja anilaani. Yeye akaanza kucheka, ile ya bila sauti, mabega yakiruka. Akaniambia yeye alizaliwa Ngoliba, amekanyaga miiba yote ya huko akienda kuchota maji, lakini hajawahi kuona wajinga wawili hivi wamejificha ndani ya kahawa ya wenyewe.

"Sasa niinue," akasema. "Ama unataka Yesu akirudi atupate huku chini?"

Nikamwinua. Tulitoka tumeshikana, kila mmoja akiegemea upande mzima wa mwenzake. Tukapita mbele ya kibanda ya mboga tukichechemea, watu wote wakiangalia. Kwa steji mzee wetu alituona akawasha pikipiki. Aliita mwenzake, tukapandishwa kila mtu na pikipiki yake.

Kliniki ya Ruiru walitutuma Thika tupigwe picha za mifupa. Daktari akaweka yangu kwa mwangaza, akanionyesha laini nyembamba ndani ya mfupa. Mimi nashona, uzi naujua. Ilikuwa kama uzi. Akasema huo ni ufa, na ningeendelea kuukimbilia, siku moja mfupa ungevunjika kabisa nikiwa barabarani. Akaniuliza kama kweli nimekuwa nikikimbia nao wiki hizo zote. Nikasema ndio. Akaandika wiki nane bila kukimbia, akapiga mstari chini yake. Nyonga ya Shosho haikuwa imevunjika, Mungu ni mwema, lakini aliambiwa fimbo ni ya kila siku, na kufunga aache.

Kabla nije hapa nilienda kwa Pasta. Nilimwogopa kuliko daktari. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, ile Jumapili uchungu uliisha kweli? Nikasema uliisha kweli, mpaka Jumanne.

"Basi sema yote mawili," akasema. "Mungu haombi mtu amfunikie."

Ndio nayasema. Ile Jumapili niliguswa, sitaikana. Na Jumanne iliuma, hiyo pia sitaikana. Lakini mkiniuliza Bwana aliniokoa wapi, nitawaambia ni ndani ya kahawa. Alichukua mama mmoja mwenye uchungu, akamkalisha katikati ya njia yangu ili nisipite. Ningepita asubuhi hiyo ningeenda kuvunjika, na yeye angeendelea kufunga akijilaumu. Alituokoa wote wawili na swali moja!

Nilikaa wiki nane bila kukimbia hata hatua moja. Mimi! Sasa nimerudi, lakini natembea dakika tano, nakimbia mbili, natembea tena, siku tatu kwa wiki. Nimepata raba zenye kisigino kizima. Nafula nilimwomba msamaha na yeye ndiye ananipangia, na akisema leo hapana, hiyo siku ni hapana. Nikisikia kitu kwa mguu nasimama hapo hapo, hata kama ni mbele ya kibanda na mnaniangalia. Mtakuwa mnaniona nikitembea. Msinionee huruma, huko ndiko kupona kwenyewe.

Namshukuru Mungu kwa mguu, kwa Shosho, kwa yule daktari, na kwa Nafula na ulimi wake. Shosho Njambi, nimekuomba msamaha kwako nyumbani, na leo nakuomba mbele ya hawa wote.

Na sasa ndugu zangu, najua kuna mtu ameketi hapo alishasema amepona, na bado inauma. Pengine ni mguu, pengine ni ndoa, pengine ni ile chupa. Unatabasamu ukifika kwa mlango wa kanisa, ukitoka unatafuta kanjia kako. Mwamini Bwana na hiyo kitu venye iko. Usingoje upone ndio utembee kuja hapa mbele. Njoo ukichechemea. Mimi na Shosho tumeshaanza kuja, na tunaenda polepole, kwa hivyo utatupata njiani.